Django ORM: nyota nne, ya tano imeliwa na [-1]
Mfumo wa mauzo wa duka letu la vipuri unaongea na hifadhidata kupitia ORM ya Django (sehemu ya zana hii ya Python inayogeuza msimbo kuwa SQL, lugha ya hifadhidata), na kwa jumla sina ugomvi nayo. Ila faharasa zake! Ukiandika mauzo[0], yaani rekodi ya kwanza, siku ambayo hakuna rekodi, unapigwa kosa la IndexError. Ukijaribu mauzo[-1], yaani ya mwisho, inakataa katakata, ingawa orodha ya kawaida ya Python huikubali. Sababu inaeleweka: chini yake kuna SQL yenye LIMIT na OFFSET (chukua rekodi ngapi, ruka ngapi kwanza), isiyojua kuhesabu kutoka mwisho. Mimi natumia .first() na .last(). Zikikosa kitu hurudisha None (thamani ya Python ya "hakuna kitu"), na usipopanga safu, zinapanga zenyewe kwa ufunguo msingi (kitambulisho cha kila rekodi). Hiyo None ikague kabla ya kuomba bei.