Mlango uliopinduliwa: uzoefu wangu na jengo jipya la klabu yetu ya likizo

Nyota moja. Nimeandika na kufuta zaidi ya mara tatu nikijaribu kupunguza ukali, lakini kila nikimkumbuka mama yangu, miaka sabini na ushee, ameinama kwenye korido anasogeza masanduku ya watu asiowajua, damu inanichemka. Kwa hiyo moja, na nieleze.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya likizo, hizi za kumiliki kwa zamu ambazo huku Marekani zinaitwa taimsheya. Hununui chumba, unanunua pointi, na pointi zinakupa siku zako kila mwaka kwenye majengo ya kampuni. Mkataba ni wa miongo. Ada ya matunzo inakuja kila mwaka, uende usiende. Tulijiunga kwa sababu tunakaa Ohio, tuna watoto watatu, na kila likizo wimbo wao ni Orlando tu, ule mji wa Florida wenye bustani za burudani. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, maana nataka tuzungumzie kuta.

Ndiyo, kuta. Wapo watakaosema huyu mama analalamikia mapambo na kiyoyozi kinafanya kazi. Lakini anayekwenda kwenye bustani za burudani kitu gani kingine analipia? Hoteli ya kulaza ubavu ipo kila kona ya barabara kuu, na chai ya asubuhi bure. Sisi tunaojifunga miaka thelathini tunajifunga na mahali. Sasa mahali pasipokuwa mahali, tumejifunga na nini?

Mama alikuja mara ya kwanza kutoka Unguja miaka michache nyuma. Siku moja tulimpeleka kula Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney. Si ya klabu yetu hata kidogo, lakini mikahawa yao inapokea hata asiyelala pale. Upande wenye nyumba za wanachama wa klabu ya Disney, uliofunguliwa 2009, unaitwa Kidani. Mama akasimama mbele ya kibao. "Kidani? Kidani hiki cha shingoni?" Nikamwambia hichohicho. Tukaingia mkahawa unaoitwa Sanaa, nje ya dirisha twiga wanatafuna majani, na mama hana habari na twiga hao, anasoma vibao. Bwawa la kuogelea linaitwa Samawati. Kule kwenye jengo la kwanza, la 2001, bwawa ni Uzima na mikahawa ni Jiko na Boma. Ukumbi wa mazoezi wameuita Zahanati, na hapo alishtuka kwelikweli, akaniuliza nani anaumwa. Tulicheka mpaka machozi. Alikuwa ameshakaa Marekani miezi miwili bila kuona kibao kimoja alichoweza kukisoma. Siku ile alisoma kila kitu kwa sauti, na watoto wangu, ambao Kiswahili chao ni cha kuombaomba, wakawa wanamfuata nyuma wanarudia.

Neno moja lililowekwa mahali pake linafanya kazi namna hiyo. Peter Dominick, msanifu wa jengo lile, ndiye aliyesanifu pia Wilderness Lodge, hoteli nyingine ya Disney, ya 1994, na pote pawili unaona mkono wa mtu asiyedharau vitu vidogo. Na msidhani mapambo yenye kisa lazima yawe makuti na vinyago. Nenda Contemporary, hoteli yao ya 1971, usasa mtupu kwa nje, treni ya reli moja inapita katikati ya ukumbi wake. Ndani mna ukuta wa vigae alioubuni Mary Blair, msanii wa Disney, unapanda karibu mita 27, na juu kule kuna mbuzi mwenye miguu mitano. Mwanangu wa pili alimtafuta mbuzi yule mpaka shingo ikamuuma. Mpaka leo hoteli ile kwake ni "kule kwa mbuzi". Kwa hiyo usasa sina ugomvi nao. Hata ule mnara wa hoteli yao ya Polynesian uliofunguliwa Desemba 2024, ambao wanachama wa Disney wamegombana juu yake kama warithi, hawa wanasema haufanani na majengo mafupi ya zamani yaliyo jirani yake, wale wanasema vyumba vyake ni raha, mimi nawaelewa wote wawili. Wanagombana kwa sababu wanajali.

Sasa nije kwetu. Kampuni yetu ilipotangaza jengo jipya, tuliitwa kwenye kile kikao cha mauzo, kahawa na keki, kijana nadhifu na tableti yake. Akasema kila bawa litakuwa na kisa chake, na bawa moja litakuwa la pwani ya Afrika Mashariki. Akatuonyesha picha ya mlango. Mlango wa kwetu! Njumu za shaba, mfaa katikati, mnyororo umezunguka fremu. Nilitia sahihi ya kuongeza pointi palepale. Sheria ya Florida inakupa siku 10 za kuufuta mkataba wa namna hii, na nawaomba mnaosoma mzitumie, mziweke ukutani kwenye kalenda. Mimi sikuzihesabu hata moja. Nilikuwa nimeshampigia mama simu kumwambia nimemnunulia nyumba yenye mlango wa Unguja.

Akaja tena mwaka jana, au tuseme majira ya joto yale watoto walipofunga shule. Tulifika usiku. Bawa letu: zulia la kijivu, ukuta wa kijivu, taa zile nyeupe za hospitali. Mlango wenyewe, ule wa kwenye tableti, ni picha iliyochapwa kwenye plastiki na kubandikwa ukutani karibu na lifti. Hata hivyo nilifurahi. Nilitoa simu nimpige mama picha mbele yake.

Mama kimya. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Lazima niseme kwamba babu yangu, baba yake mama, alikuwa fundi wa kuchonga milango, na mama amekua anafagia maranda chini ya meza ya kazi ya baba yake. Akapitisha kidole juu ya ile plastiki taratibu, kutoka juu kuja chini, kisha akageuka. "Mwanangu, huu mlango wameupindua."

Nikatazama. Ulikuwa mlango wa kizingiti kilichonyooka, si wa tao, ndiyo maana asiyejua hawezi kugundua haraka. Lakini samaki, ambao kwenye milango yetu huchongwa chini ya fremu na mawimbi yao, walikuwa juu kabisa karibu na dari. Na kizingiti cha juu, chenye maandishi ya Kiarabu, kilikuwa chini sakafuni, herufi kichwa chini. Hapohapo ndipo watu wanaposimama kungoja lifti. Masanduku matano au sita yalikuwa yameegemezwa pale, na viatu vya ufukweni vyenye mchanga, na kikombe cha kahawa kilichoachwa. Mama aliinamisha kichwa ubavu mpaka akayasoma yale maandishi. "Bismillahi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta kitu chake jalalani. Kisha akaanza kusogeza masanduku. Moja moja. Nilimwambia mama acha, hakuniacha hata nimsaidie.

Nikashuka mapokezi, yeye nyuma yangu. Nilizungumza kwa adabu, wallahi, nilianza na habari ya jioni. Nikamweleza kijana wa zamu kwamba picha imebandikwa kichwa chini, na kwamba pale chini pana maneno ambayo Waislamu hatuyaweki miguuni. Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Akajibu kwamba hakuna mtu anayeutazama ukuta ule. Nikamwambia mama yangu ameutazama, huyu hapa. Ndipo akainua macho, akamtazama mama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka makubadhi, akaniambia, "Basi mwambie apande lifti ya upande wa pili."

Mama hajui Kiingereza. Akanivuta mkono. "Kasemaje?"

Nilimdanganya. Nikamwambia wamesema watarekebisha. Uso wake ukafunguka. Akanambia, "Mshukuru, basi." Na kwa kuwa alikuwa amesimama pale ananitazama, anangoja, ilibidi nimgeukie yule kijana nimwambie asante sana.

Sijawahi kujisikia hivyo tangu nifike nchi hii, na nimeshakutana na mengi.

Kesho yake nilimwandikia meneja, nikaambatanisha picha. Jibu lilikuja la kistaarabu: mapambo yale yamekusudiwa kutoa hisia ya pwani tu, si nakala ya kitu halisi. Hisia! Hisia ya nani? Huwezi kuniuzia mlango wetu kwenye kikao cha mauzo, kisha nikikwambia umeupindua unijibu haukuwa mlango.

Bwawani nilizungumza na wanachama wengine, nikitafuta wa kunielewa. Bwana mmoja wa Georgia, mwanachama wa siku nyingi, alisema yeye ule ukijivu anaupenda, ni rahisi kusafisha, unazuia ada isipande. Nilimsikiliza, nikaona ana hoja nusu. Lakini ile plastiki ilikuwa imeshaanza kubanduka pembeni, na jengo halina hata miaka mitatu. Sehemu ya ada yetu ya kila mwaka inakwenda kwenye akiba ya ukarabati, kwa hiyo ikibandikwa nyingine tutailipa sisi, na ikibanduka hiyo tutalipa tena. Kitu cha mbao kingetuzika. Mke wake, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema mabawa mengine ni hivyohivyo: ukimfumba mtu macho ukamshusha hapa, hawezi kukwambia yuko kisa gani.

Sasa haki ya mtu tumpe. Nyumba yenyewe ni nzuri. Jiko kamili, si lile la kuchemshia maji tu. Mama alitupikia wali wa nazi na mchuzi wa pweza aliyegandishwa, na moto ulikuwa wa kutosha. Mashine ya kufua ipo ndani. Mama alipata chumba chake na choo chake, jambo ambalo hotelini ningelilipia mara mbili. Watoto hawakutaka kutoka majini.

Na kuna dada mmoja wa usafi, mtu wa Haiti. Alimkuta mama asubuhi ya pili anasogeza masanduku tena. Hawakuwa na lugha moja, mama akamwonyesha kwa mikono: hivi, halafu hivi. Yule dada akaelewa. Hakupiga simu wala hakujaza fomu. Alikwenda mwisho wa korido akaburuta chungu kikubwa cha mmea, akakiweka chini ya ile picha, mbele ya maandishi, mtu asipate pa kuegemeza kitu. Kila asubuhi alikirudisha kikisogezwa. Mama akawa anamwekea sahani ya mandazi. Siku zile nilisema moyoni, hizi ni nyota tatu, hata nne, nikamwambia na baba watoto kwamba labda nimekuwa mkali, labda jengo ni watu.

Siku ya kuondoka chungu hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kigari cha mizigo, magurudumu yake yameelekezwa palepale kwenye kizingiti. Nilimtafuta yule dada ghorofa mbili nzima, nikaambiwa amehamishwa jengo jingine. Kwa nini amehamishwa sikuambiwa. Mama alikuwa amemfungia mandazi kwenye mfuko. Alirudi nao mpaka Ohio.

Kwa hiyo ni moja. Ile tatu naifuta. Nyota yenyewe ni ya yule dada, na kama kungekuwa na namna ya kumpa yeye moja kwa moja bila kupitia kampuni, ningefanya hivyo. Mnaofikiria kununua: msiangalie michoro, michoro haibanduki. Ombeni kuingia jengo lililokwisha kujengwa, mtembee korido kwa miguu yenu, muulize kitu kimoja kidogo kilichoko ukutani, ni nini na kwa nini kipo pale. Akijibu mtu, kaeni. Mimi ada ya mwaka huu nimeilipa, kwa sababu nisipolipa watanifuata, na kuuza pointi hizi kwa mtu mwingine ni hasara tupu. Baba watoto anasema tuziuze hivyohivyo. Sijaamua.

Mama yuko Unguja. Kila akipiga simu, baada ya kuulizia watoto, anauliza kama ule mlango wameshausimamisha. Uongo ule wa mapokezi nimeshindwa kuuendeleza, namwambia bado, mama. Juzi akasema pengine hawana fundi, na si kosa kutokujua kama mtu hajafundishwa. "Waandikie samaki wakae chini. Wakiwaweka samaki chini, mengine yote yatakaa yenyewe."

Nimewaandikia hivyo, maneno yake yaleyale, nikaambatanisha picha tena.