Mitego ya inzi wa matunda: nimeitumia msimu mzima wa maembe, haya ndo niliyoyaona

Nina maembe Mkuranga, dodo na bolibo za zamani pamoja na Apple na Kent za kupandikiza, na wanaolima ukanda huu wanamjua adui. Sio inzi wa jikoni, ni huyu wa kahawia mwenye kiuno chembamba, asili yake Asia, huku kwetu Tanzania na Kenya kaanza kuonekana 2003 na hajaondoka tena. Embe kwa nje safi kabisa, kuna katobo tu kama ka sindano, ukipasua ndani funza tupu. Dalali akikutana na mawili matatu ya hivyo kwenye tenga anashusha bei ya mzigo mzima.

Sasa mtego wenyewe. Ni kopo la plastiki, chini njano, juu linaonesha ndani, lina matobo pembeni, unaning'iniza humo kidonge cha methili eujenoli, yaani dawa ya harufu ya kuvuta inzi, na kipande chenye sumu. Harufu inakaribia karafuu hivi. Aisee inavuta! Unafunga asubuhi, jioni washaanza kuingia, na msimu ukichanganya unamwaga inzi kopo zima. Kwa kuvuta naipa tano kwa tano. Ila paka grisi kwenye waya wa kuning'inizia, la sivyo sisimizi wanashuka kubeba maiti na wewe unabaki unadhani inzi wamepungua.

Tatizo ni maneno ya dukani, eti "ukifunga hii inzi kwisha habari". Sio kweli bana. Hiyo harufu inavuta madume tu. Anayetoboa embe na kutaga ni jike, na jike hana habari na hicho kidonge, halafu dume mmoja akibaki anapanda majike kibao, na wengine wanatokea shamba la jirani ambaye hajafunga kitu, yaani kama mko wawili watatu tu mnaofunga kijiji kizima hapo mnajichosha. Ndo maana nikiona mtu kaposti picha ya kopo limejaa anashangilia namuuliza, embe ngapi ziko chini?

Na sio kila inzi wa matunda anaitikia. Kuna yule wetu wa asili wa maembe, mwenye mabaka kwenye mbawa, kidonge hiki hakijali kabisa. Wa matikiti na matango naye ana dawa yake tofauti. Nimeona mtu kafunga hii ya maembe kwenye matikiti, atasubiri sana.

Mimi faida niliyoiona ni ya ulinzi: unajua wanaanza kuongezeka lini, unaamka mapema. Kazi yenyewe ni kuokota embe zilizodondoka, kila mara, hata zile za kijirani za mpakani ukiruhusiwa, maana funza akitoka kwenye embe anazama kwenye udongo sentimita chache tu, anajifungia kwenye gamba, na kama wiki mbili hivi anatoka inzi kamili. Ukiziacha chini unafuga. Zifukie kama nusu mita kwenda chini, au zifunge kwenye nailoni nyeusi uziache juani, funza wanafia humohumo kwa joto. Mapera yaliyoiva nayo usiyasahau, wanayapenda balaa.

Bei ya kopo sio mbaya na linadumu, kinachokula hela ni kidonge, harufu inachuja na katikati ya msimu lazima ubadilishe. Msimu ujao nitanunua tena lakini machache, ya kuangalizia tu, hela nyingine naipeleka kwenye chambo cha protini, yaani chakula cha inzi kilichochanganywa na sumu. Hicho kinawavuta majike pia, hupigi mti mzima, unapulizia sehemu kama mita moja ya mraba kwenye majani basi. Shida yake ni mvua, ikinyesha inakiosha inabidi urudie, na vuli yetu huku inakuja maembe yakiwa ndo yanakomaa.