Monita ya Kununua Malindi na Lamu: Igeuze Kwanza Utazame Nyuma

Malalamiko ya wasomaji wa Malindi na Lamu yanafanana: stima ilikatika, iliporudi monita ikagoma kuwaka. Kwa hiyo leo mambo ya inchi na rangi ulizeni kwingine. Mimi nataka ugeuze monita utazame umeme unaingilia wapi.

Tundu dogo la duara maana yake inatumia adapta ya nje. Ukiona pini tatu kama za nyuma ya kompyuta ya mezani, pawa saplai, yaani sehemu inayopunguza umeme wa ukutani uifae monita, imo ndani, na ikifa ni lazima monita ifunguliwe. Usiifungue mwenyewe: kapasita kubwa ya mle ndani, kile kikopo kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukishachomolewa. Kazi ya kutoa kapasita ndogo zilizovimba vichwa ni ya fundi. Adapta ikifa, unanunua nyingine, basi.

Ndiyo maana ya kwanza kwangu ni LG, zile zenye adapta ya volti 19. Naipendelea, na sifichi. Ya pili ni Samsung, ila nyingi hutaka volti 14, na kichwa cha adapta ya LG mara nyingi huingia humo bila shida. Hapo ndipo monita nzima huuawa na adapta nzima. Soma kibandiko cha nyuma. Ya tatu ni Dell na HP za ofisi zilizotumika: imara kweli, lakini nyingi pawa saplai iko ndani. Zile rahisi zisizo na jina siziandikii.

Sasa wauzaji. Unaingia dukani unaikuta imewashwa tangu asubuhi, picha ya maua inang'aa. "Dadangu, hii mali safi." Kapasita iliyochoka husumbua ikiwa baridi, ikishapata joto inatulia, nawe unalipa. Mwambie achomoe waya, nenda kanywe chai taratibu, ukirudi aiwashe mbele yako. Akinuna, umeshapata jibu. Halafu huu mtindo wa kuuza adapta kando kwa bei yake, kana kwamba monita inatumia mafuta ya taa! Na garanti ya wiki moja inamfaa nini mtu wa Lamu, ambaye mzigo wake umepanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, na kuurudisha Mombasa ni nauli upya?

Kama unayo iliyogoma tayari, jaribu soketi hiyohiyo kwa chaja ya simu. Taa ya kitufe ikiwaka huku skrini ni nyeusi, mulika tochi kwa upande: ukiona picha hafifu, umeme unafika, taa za nyuma ya kioo ndizo zimekufa. Isipowaka taa yoyote, na ni ya adapta, fundi apime volti za adapta kabla hajashika bisibisi.