Helmeti za bodaboda sokoni Dar: kagua povu kwanza, rangi baadaye

Ukizunguka Kariakoo na maduka ya spea za pikipiki jijini, utakutana na helmeti za aina tatu: kibakuli kinachoishia juu ya masikio, ya uso wazi inayofunika masikio na kisogo, na ya uso mzima yenye ukingo wa kulinda kidevu. Zote zinang'aa. Tofauti yenye maana huioni mpaka uigeuze helmeti na kuinua sponji.

Chini ya sponji panatakiwa povu gumu la punje, ndugu yake lile linalozungushiwa televisheni kwenye boksi, ila limeshindiliwa zaidi. Ganda la nje husambaza kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Povu ndilo linalobonyea ili kichwa kipunguze mwendo kabla ya kusimama. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 tu, hata pikipiki ikiwa imesimama, kinaifikia lami kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Fuvu tupu hukwama palepale huku ubongo ukijibamiza kwa ndani. Povu la sentimita 3 linaongeza milisekunde chache tu za kusimama, na uhai umo humo.

Kulikagua ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kwa ukucha pembeni, mahali pasipoonekana: povu sahihi ni gumu, linabaki na alama ndogo, na punje zake zinaonekana. Likirudi kama godoro, hilo ni sponji la kawaida na halina kazi kwenye ajali. Kisha pitisha vidole kuanzia paji la uso, utosini, pembeni hadi kisogoni. Helmeti nyingi za bei ya chini zina kipande cha povu utosini peke yake, na pembeni ni ganda na kitambaa. Nyingine zina povu kila mahali lakini jembamba la sentimita 1. Zote mbili ziache dukani, hata muuzaji akikuapia, "Bosi, hii orijino kabisa." Kofia ya mjengo nayo isikudanganye: imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu, si kwa kichwa kinachoburuzwa na kugonga ukingo wa barabara.

Baada ya povu, tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali, kwa mfano E3 ni Italia na E4 ni Uholanzi. Mlolongo wa namba unaofuata huanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa inayohusu helmeti za pikipiki. Herufi P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa, J ni ya uso wazi, na NP ni onyo kwamba hicho kipande cha kidevu hakilindi. Stika ya DOT kisogoni, yaani alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ina uzito mdogo zaidi. Kwa utaratibu wa Marekani mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na stika kama hiyo hata mchapishaji wa mtaani anaweza kuitoa.

Saizi ndipo wengi wanapokosea. Zungusha futi kamba juu kidogo ya nyusi na kisogoni. Sentimita 57 hadi 58 kwa kawaida ni M, 59 hadi 60 ni L, ingawa kila kiwanda kina vipimo vyake. Vaa, funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, halafu shika ukingo wa nyuma na uisukume mbele kwa nguvu. Ikitoka, siku ya ajali itatangulia kuruka. Mkanda wa pete mbili ndio tunaoupendelea kuliko klipu ya plastiki, kwa kuwa klipu ikipata vumbi la Dar na jasho huanza kuachia.

Kwa ujumla, kibakuli hatukipendekezi kwa mtu yeyote. Uso mzima ndiyo kinga bora, hasa kwa anayeshinda Barabara ya Mandela kati ya malori, ila epuka kioo cheusi kama unafanya kazi usiku. Kwa joto la Januari, uso wazi wenye povu kamili na lebo halali unakubalika, kwa sababu helmeti inayovaliwa kutwa ni bora kuliko nzuri iliyoachwa nyumbani. Dai la kwamba helmeti inaziba honi lilichunguzwa na Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California waliofuatilia ajali 900. Ripoti yao ya 1981 haikuona ajali iliyosababishwa na uvaaji wake. Mapitio ya 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumuisha tafiti 61, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Linalotuuma ni helmeti ya abiria. Karibu kila kijiwe ndiyo mbovu kuliko zote: ya dereva ina kioo, ya abiria ni kibakuli chenye mkanda uliokatika. Abiria naye anaikataa kwa jasho la waliotangulia, na ana haki. Dawa ni sponji linalochomoka, lifuliwe kwa sabuni na maji na kukaushwa kivulini, pamoja na kofia nyepesi ya plastiki ya saluni kwa kila abiria. Kilemba kinene au rasta zilizofungwa utosini huinyanyua helmeti, hivyo zishushwe kisogoni kwanza.

Usisafishe kwa petroli wala thina. Vinakula ganda na povu bila kuonyesha dalili. Usiitundike kwenye saiti mira ukiwa kijiweni, maana ncha ya kioo huchimba povu mahali pale pale kila siku. Ikishagonga kitu kwa kishindo, imekwisha hata kama ganda halina ufa, kwa sababu povu lililobonyea halirudi. Kabla ya kuitupa kata mkanda, asije mtu akaiokota na kumvalisha abiria.