Bushi Peke Yake au Mkono Mzima?

Gari likigonga "kong'" kila ukivuka tuta, fundi atakuuliza: tubadilishe bushi tu (raba yenye ganda la chuma inayokaa kwenye maungio), au mkono mzima wa chini, ule wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi?

Bushi ni nafuu, mradi ipo presi, yaani mashine ya kuisukuma itoke na kuingia. Mimi nilipigiwa ya kwangu kwa nyundo na patasi. Ganda likapinda, raba ikachanika kabla ya miezi miwili.

Mkono mzima huja na bushi zake, mara nyingi na boli jointi pia (kiungo cha mviringo upande wa gurudumu). Kirinyaga Road, Nairobi, utauziwa na wa eksi-Japani, yaani uliotumika Japani, lakini raba yake imezeeka pamoja na gari ulikotoka.

Kwangu, kama mkono haujapinda na jointi haichezi, ni bushi na presi. Ila bolti ikiwa imeoza kwa kutu ndani ya bushi hadi ikatwe kwa grenda, nunua mkono.

Bolti iliyokatika usiibadilishe na ya kuokota. Soma namba ya uimara kichwani mwake: ya awali ikiwa 10.9, usitie 8.8, ambayo ni dhaifu zaidi. Na ikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza magurudumu yakining'inia, raba hujisokota ukishusha jeki.