Insulini ya NPH au glajini?

Zote mbili ni insulini za kisukari; NPH ni ya muda wa kati, glajini ya muda mrefu. Kwa bei, NPH inashinda bila ubishi. Tatizo ni kilele chake: nguvu hupanda saa 4 hadi 10 baada ya sindano, hivyo aliyechoma jioni akala kidogo anaweza kushuka sukari usiku wa manane. Tena ina mashapo. Biringisha kichupa viganjani, usikitikise, la sivyo dozi hazitalingana.

Glajini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, hufanya kazi taratibu kwa takribani saa 24, ila isichanganywe na insulini nyingine kwenye bomba moja.

Joto la Dar halichagui: huharibu zote mbili. Umeme ukikatika, mtungi wa udongo uliolowa husaidia kuzipoza, ingawa unyevu wa pwani huupunguzia nguvu.

Anayeshuka sukari usiku amuulize daktari kuhusu glajini. Anayejilipia na kula kwa ratiba, NPH inamtosha.