Stashahada ya upishi kwa masomo ya jioni: tathmini ya mpishi aliyesoma akiwa kazini

Kwa miaka mitatu nimesoma stashahada ya upishi katika chuo kimoja binafsi kilichopo Kinondoni, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Morocco, huku nikiendelea na kazi yangu katika jiko la hoteli moja ya eneo la Posta, katikati ya jiji. Nilianza ngazi ya 4, ambayo ni ya cheti cha awali, nikapanda ya 5, na mwezi uliopita nimemaliza mitihani ya ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada yenyewe. Kwa kuwa wapishi wenzangu wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara kama masomo ya jioni yanamfaa mtu ambaye tayari ana ajira, nimeona niwajibu wote kwa pamoja na kwa utulivu. Jina la chuo sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuziwasilisha kwa uongozi kwa maandishi na ningependa wapate nafasi ya kuzirekebisha. Kwa jumla, mafunzo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia, lakini utaratibu wake umepangwa kwa ajili ya kijana aliyetoka shuleni, na mpishi mwenye zamu hulazimika kujipenyeza ndani yake kwa shida.

Vipindi vilikuwa saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, siku nne kwa wiki, na Jumamosi ilikuwa siku ya jiko la mafunzo. Mimi nilipangiwa zamu ya asubuhi, inayoanza saa 12 alfajiri na kuisha saa 9 alasiri, hivyo nilikuwa na muda wa kuoga, kula na kupanda mwendokasi hadi Morocco bila kuchelewa. Usiku nilirudi Kimara kwa kubadilisha basi Magomeni. Ratiba hiyo inabebeka wakati wa kiangazi. Masika ni jambo jingine, kwa sababu maji yakijaa katika bonde la Jangwani barabara hufungwa, na mtu anayetoka Posta hukwama upande wa pili wa bonde. Hilo lilinipata siku ya mtihani wa vitendo wa mwaka wa pili. Chuo kilinihesabu kuwa sikufika, nikasubiri muhula mzima kurudia mtihani ule, ingawa jiji zima lilijua siku hiyo kwamba Jangwani hapapitiki.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nibaki. Nilipojiunga nilikuwa na miaka sita jikoni, na niliamini kwamba najua gharama ya sahani ninayoitoa. Somo la ukokotoaji wa gharama lilinionyesha kwamba nilikuwa nikikosea kila siku. Mwalimu alituletea kolekole mzima wa kilo 5 kutoka soko la samaki la Feri, akatuambia tuchukulie kwamba bei ni shilingi 12,000 kwa kilo, kisha akatutaka tumsafishe, tumtoe minofu na tupime kila kitu, pamoja na kichwa, mifupa, mapezi na matumbo. Minofu ilikuwa kilo 2.1. Samaki yule wa shilingi 60,000 alikuwa ametupatia minofu yenye gharama ya takribani shilingi 28,570 kwa kilo, na kipande cha gramu 180 kiligharimu shilingi 5,140 hivi. Mimi, kama wapishi wengi ninaowafahamu, ningezidisha gramu 180 kwa bei ya sokoni na kupata shilingi 2,160, kana kwamba mteja anakula magamba na miiba. Ukiongeza shilingi 2,000 za wali, tui na mboga, sahani inayouzwa shilingi 18,000 inaonekana kwa hesabu yangu ya zamani kuwa imetumia chini ya robo ya bei yake kwa malighafi, ilhali kwa hesabu sahihi imetumia karibu asilimia 40. Kichwa na mifupa vinaweza kupunguza pengo hilo vikipikwa supu na supu hiyo ikauzwa, na mwalimu alisisitiza kwamba thamani ya supu iandikwe kwenye karatasi ya hesabu badala ya kuachwa ipotee. Wiki iliyofuata nilirudia zoezi lile kazini kwa samaki aina ya changu, kisha kwa kuku, na mpishi mkuu wetu alikubali tubadilishe namna ya kuagiza samaki. Ningesoma somo hilo peke yake kwa ada ya muhula mzima na nisingejuta.

Somo la pili nililolithamini ni usalama wa chakula, na hapa naomba wapishi wa shughuli na mama lishe wanisikilize kwa makini. Jikoni kwetu tulizoea kuacha sufuria kubwa la wali mezani hadi lipoe, kisha tukalipasha asubuhi kwa ajili ya wafanyakazi. Tulifundishwa kwamba katika mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa; wali ukikaa kwa saa nyingi katika joto la Dar es Salaam mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na kuupasha tena hakuiondoi sumu ya aina hiyo inayoleta kutapika. Dawa yake ni kuugawa wali kwenye trei zenye kina kifupi, ushuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha ufike nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine, au ule wa moto ushikiliwe juu ya nyuzi 60 hadi mtu wa mwisho ahudumiwe. Vivyo hivyo kwa jodari na vibua: wakikaa bila barafu hutengeneza histamini, na histamini haivunjwi na moto, hivyo samaki anaweza kukaangwa vizuri, akanukia vizuri, na bado akamletea mlaji kuwashwa mwili, uso mwekundu na kuumwa kichwa. Nilikuwa nimewahi kumwona mgeni katika hali hiyo na sote tukadhani ana mzio wa samaki. Tangu siku ya kipindi kile natembea na kipimajoto mfukoni, na sipokei samaki mlangoni kabla sijaona barafu.

Kuhusu mapishi yenyewe, mtaala umeegemea Ufaransa kupita kiasi. Tulitumia wiki nyingi kwenye michuzi mitano ya msingi iliyowekewa utaratibu na Auguste Escoffier na waliomfuata, na sipingi kuifundisha, kwa sababu hoteli za jiji hili huiuliza kwenye usaili na kwa sababu inafundisha kufikiri. Nilipoelewa kwamba kiini cha yai ndicho kinachoshikilia siagi isijitenge na maji katika mchuzi wa holandezi, ndipo nilipoelewa pia kwa nini tui zito hukatika likichemshwa kwa moto mkali: ni protini zake zinazoshikilia mafuta, na moto ukizidi hushindwa kazi hiyo. Bibi yangu alitanguliza tui jepesi na kuacha tui zito la mwisho, akikoroga bila kusimama, na hakuwahi kunieleza sababu. Jambo linalonisikitisha ni kwamba uhusiano huo niliuona mwenyewe, kwani tui la nazi lilipewa kipindi kimoja katika miaka mitatu, na samaki wa kupaka, biriani na pweza wa nazi vilifundishwa kwa haraka katika wiki moja iliyoitwa ya vyakula vya asili. Mgeni anayefika pwani hii anataka kula vya pwani, na chuo kilichopo Dar es Salaam kinapaswa kuvifundisha kwa kina kile kile kinachotolewa kwa bechameli, ule mchuzi mweupe wa maziwa.

Lalamiko langu kubwa ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanachuo wote huyaita fildi. Ni wiki nane na ni ya lazima. Niliomba kuifanya hapo hapo nilipoajiriwa, chini ya usimamizi wa mpishi mkuu na kwa ukaguzi wa chuo, nikajibiwa kwamba mwanachuo hawezi kupimwa na mwajiri wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, nami nilizitumia zote, kisha nikaomba siku 28 nyingine bila malipo. Nilikopelekwa nilimenya viazi vya chipsi na kukata vitunguu kwa muda mwingi, ilhali kazini kwangu nilikuwa nikiisimamia sehemu ya michuzi. Siwalaumu walionipokea, kwa sababu hawakujua mimi ni nani. Nakilaumu chuo kwa kutokuwa na njia yoyote ya kupima anachokijua mtu kabla ya kumpangia. Jambo hilo linawezekana hapa nchini, kwani VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi kwa kumpima fundi na kumpa cheti, na wapishi ni miongoni mwa wanaonufaika. Chuo cha ngazi ya stashahada kingeweza kuiga utaratibu huo angalau kwa somo la matumizi ya kisu.

Ada hulipwa kwa awamu nne na ofisi ya uhasibu ni waungwana. Malighafi za Jumamosi zimo ndani ya ada, lakini visu, koti na viatu vya jikoni utajinunulia. Maktaba ni ndogo. Walimu wawili kati ya sita wamewahi kufanya kazi hotelini kwa miaka mingi, na tofauti yao na wengine huonekana mara tu wanaposhika sufuria.

Kwa anayefikiria kujiunga, cha kwanza ni kuhakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kwa programu yenyewe anayoitaka na kwa ngazi anayoitaka. Baada ya hapo azungumze na meneja wake mapema. Sheria niliyoitaja inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri, ina nyongeza ya asilimia 5, kwa hiyo mpishi anayehama zamu ya usiku ili asome ajue kwamba nyongeza hiyo ataikosa na aihesabu kwenye bajeti yake. Anayefanya zamu za kubadilika kila wiki namshauri asianze kabla hajapata zamu ya kudumu, kwa sababu chuo hiki hakimruhusu kuhamia kundi la asubuhi katikati ya muhula.

Mimi ningejiandikisha tena, ila safari hii ningetaka jibu la maandishi kuhusu fildi kabla ya kulipa awamu ya kwanza ya ada.